Kutoka Iringa Bila Mama

Mama aliniambia anarudi kwao siku ya Jumapili, amekalia mbuzi anakuna nazi ya vitumbua vya kesho yake. Hakuinua kichwa. Alisema tu, "Mwanangu, mimi nataka kurudi kwetu," akaendelea kukuna.

Nilidhani anataka kwenda kuwasalimia ndugu zake. "Utakaa muda gani?" nikamwuliza.

"Sikusema nakwenda. Nimesema narudi."

Wakati ule tulikuwa tunaishi Kariakoo, chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili isiyo mbali na soko, na ua wa nyuma ambao wapangaji wote tulipikia. Baba alikuwa mpagazi bandarini. Alifariki masika yaliyokuwa yametangulia kwa maradhi ya kifua, na tangu siku hiyo tulibaki wawili chumbani, pazia la kanga katikati, kitanda chake upande wa dirisha na changu upande wa mlango. Mimi nilizaliwa humo humo. Mama alikuwa ametoka Uhehe msichana kabisa, ameolewa na baba aliyekuwa kule kwa kazi, akaletwa pwani, akajifunza kupika samaki, kuvaa kanga na kugombana kwa Kiswahili. Aligombana vizuri. Pale alipokuwa akiuza vitumbua hakuna mteja aliyethubutu kumwambia vimepoa. Maisha yangu yote nilimhesabu kuwa mtu wa Dar es Salaam kuliko hata Wazaramo wenyewe.

"Baba yako ndiye aliyenileta huku," alisema. "Sasa yeye amepumzika. Joto la mji huu sijalizoea hata siku moja. Nilikuwa nanyamaza tu."

"Na mimi je?" Niliuliza hivyo, mtu mzima na ndevu zangu.

Hapo ndipo akaniangalia. "Wewe una kazi. Wewe ni wa hapa."

Kazi yangu ilikuwa udereva kwa Mhindi mmoja, Baniani, muuza vitambaa wa jumla. Nilikuwa naendesha gari lake la mizigo, dogo, lililofungwa nyuma kama sanduku. Tukiliita boksibodi. Mdogo wake alikuwa na duka Iringa, na kila baada ya muda marobota ya kanga na marekani yalipelekwa huko kwa barabara. Nilipomweleza habari za mama, tajiri alifikiri kidogo, kisha akasema, "Basi safari hii mpeleke mama yako, akae mbele na wewe. Kurudi usikimbize gari. Barabara mbaya." Mkewe akatuma kopo la chevda, ule mchanganyiko wao wa dengu za kukaanga, kwa ajili ya mama, kwa sababu walikuwa wakinunua vitumbua kwake na walimjua.

Kwenda hatukusimama. Mama alikaa mbele amepakata kikapu, amejifunga kanga kichwani kwa sababu ya vumbi, na kila nilipotaka kusimama ninyooshe miguu aliniuliza, "Gari limeharibika?" Nikisema hapana, anasema, "Basi twende." Njiani niliona mambo ya ajabu yakipita dirishani. Niliona jahazi limesimama kwenye nchi kavu. Niliona mti unaong'aa kama umezaa vioo. Nikamwonyesha. "Nimeona," alisema, macho yake yakiwa mbele kwenye milima.

Kijiji chao kiko nje ya mji wa Iringa, kwenye baridi na ukungu. Watu walitoka majumbani na "Kamwene" zao, nami nikajibu vibaya, watoto wakacheka. Mjomba wangu, ambaye sikuwahi kumwona, alinishika mikono yote miwili akasema, "Karibu nyumbani." Nilimshukuru. Lakini nilitetemeka kwa baridi mpaka wakanipa blanketi, na usiku sikuelewa hata nusu ya maneno yaliyosemwa pale motoni. Mama alikuwa anazungumza Kihehe upesi upesi, anacheka, anapiga paja. Sauti yake ilikuwa tofauti, nyembamba zaidi. Sikuwa nimewahi kuisikia.

Asubuhi ya kuondoka alinisindikiza mpaka kwenye gari. Alikuwa amevaa sweta la mjomba juu ya kanga.

"Utakula wapi?" aliuliza.

"Mikahawa ipo."

"Mkahawani wanatia mafuta mengi. Mwambie yule mama wa chumba cha mbele akupikie, umpe vya kupikia." Akafuta vumbi kwenye kioo cha gari kwa pindo la kanga, upande wangu, kisha upande ambao hakukaa mtu. "Haya. Usiendeshe kwa mawazo."

Nilitaka kumwambia nitampa nafasi abadilishe nia, nitakunywa chai kwanza, nitaondoka mchana. Niliwasha gari. Kwenye kioo cha kutazamia nyuma nilimwona amesimama kidogo, halafu akageuka kurudi ndani kabla sijaufikia mpindo wa njia. Nadhani ilikuwa baridi.

Kwa hiyo nilikuwa peke yangu na boksibodi tupu. Gari tupu lina kelele. Kila bonde la barabara lilipiga bati la nyuma, na niliposhuka mteremko mkali wa Kitonga, mkono kwenye gia, jicho kwenye korongo, nilijikuta nikisema kwa sauti, "Usiogope, mama, breki nzima." Nilipofika chini, kwenye joto, niligundua kwamba sina haraka hata kidogo. Chumba kilikuwa kinaningoja, na nilijua kilivyo. Kila maili niliyokwenda ilikisogeza karibu.

Ndipo nikaliona tena lile jahazi.

Lilikuwa kando ya barabara, kwenye uwanja wa Mgiriki mmoja aliyekuwa na pampu ya petroli na duka la vifaa vya mashambani. Jahazi la mbao, zima, limesimamishwa juu ya magogo, limepakwa rangi nyeupe na buluu, limezungukwa pande zote na michongoma na mbuzi. Nilisimamisha gari. Mgiriki akatoka, mzee mnene mwenye kaptura, akanitazama ninavyolitazama.

"Panda," alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha shambani. "Hapana ogopa. Ngazi iko."

Nikapanda. Ndani kulikuwa na benchi, usukani wa mbao, na kamba zimekunjwa vizuri sana. Naye akapanda nyuma yangu, akitweta, akakaa kwenye benchi.

"Wewe natoka Dar es Salaam?"

"Ndiyo, bwana. Narudi."

"Bahari iko?"

Nilidhani anatania. Nikamwangalia, hakuwa anatania. Nikamwambia iko.

"Mimi nakaa hapa miaka mingi," alisema, "bahari hapana ona. Kwetu bahari iko mlangoni. Mama yangu natupa maji ya vyombo, nakwenda baharini." Alionyesha kwa mkono jinsi mama yake alivyokuwa akimwaga. Jahazi alilijenga mwenyewe, Jumapili kwa Jumapili, mbao kwa mbao.

"Utalipelekaje majini?" niliuliza.

Akainua mabega. "Lori hapana weza. Kubwa sana." Hilo halikuonekana kumsumbua. Akanipa zeituni kwenye karatasi, kitu nilichokuwa sijawahi kula. Nilikitema nilipofika mbali, lakini mbele yake nilikitafuna na kusema ni kizuri. Tulikaa pale juu, tukiangalia barabara. Hakuna gari lililopita. Mbuzi mmoja chini alikuwa akijikuna kwenye ubao wa usukani wa nyuma, na jahazi lote likatikisika kidogo, na yule mzee akafumba macho.

Baada ya Mikumi nikasimama tena, safari hii kwa kiu. Kulikuwa na kibanda cha chai ambacho kwenda nilikipita mbio, na sababu ya watu kukijua ilikuwa viti vyake. Havikuwa viti. Yalikuwa mafuvu ya tembo, makubwa, meupe, yamepangwa chini ya paa la makuti, yamesuguliwa na makalio ya wasafiri mpaka yakang'aa. Mwenye kibanda, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuchangamka, alinikaribisha kwa mkono.

"Kaa kwenye tembo, kaka. Huyo wa kushoto ndiye mpole."

Nilicheka, nikakaa. "Niletee chai. Vikombe viwili."

Akaleta viwili, akaviweka kwenye mbao mbele yangu, akachungulia kwenye gari. "Mwenzako hashuki?"

Hapo tu ndipo nilipong'amua nilichokuwa nimesema. Nikamwambia hakuna mwenzangu, ni mazoea. Nilimweleza kwa kifupi: mama, Iringa, baridi. Alisikiliza amejishika kiuno.

"Mimi wanangu ndio walioondoka," alisema. "Mmoja Kilosa, mmoja hata sijui. Wewe mama yako ndiye kaondoka. Basi mmebadilishana." Akacheka, lakini hakuondoka. Alikaa kwenye tembo wa pili, akachukua kile kikombe kingine, akakinywa yeye. Tukazungumza habari za tembo. Aliniambia mafuvu aliyaokota mumewe marehemu porini, moja moja, na ndugu zake walimcheka kwamba kajaza uchafu uani. Sasa madereva wa malori kutoka mbali walikuwa wakimwuliza, wewe ndiye mama wa matembo?

Nilipotaka kulipa alikataa kulipwa kikombe cha pili. "Hicho nimekunywa mimi," alisema.

Nililala Morogoro, nyumbani kwa dereva mwenzangu, na kulipopambazuka nikaendelea. Sehemu za Ngerengere kulikuwa na kibao cha bati kimeandikwa kwa chokaa: NYOKA MKUBWA KULIKO WOTE. Kwenda, mama alikisoma kwa sauti, herufi moja moja, kwa sababu alikuwa amejifunza kusoma ukubwani na hakuacha kibao kimpite, kisha akasema, "Mwongo." Sasa nikasimama. Mtu mwembamba aliyejifunga shuka akatoka, akataka kiingilio. Sikuwa na chenji, akakubali kiberiti. Akanipeleka nyuma ya nyumba, tukapita mihogo, mpaka kwenye ua wa miti. Ndani ya ua kulikuwa na shimo.

Nikachungulia. Shimo lilikuwa na majani makavu, na gamba la nyoka lililovuliwa, refu kweli, limekunjamana pembeni.

"Nyoka yuko wapi?"

"Ameondoka," alisema. "Mwaka wa jana, mvua zilipojaza shimo."

"Sasa unaonyesha nini?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Shimo lake."

Nilitaka kudai kiberiti changu. Badala yake nilijikuta nainama tena. Alianza kunieleza nyoka alikuwa analala wapi, anaelekeza kichwa upande gani wakati wa joto, siku aliyommeza mbwa wa jirani. Alisema kila asubuhi bado anatazama kwanza humo kabla ya kunawa uso. Alikuwa amemfuga tangu akiwa mdogo wa kuzunguka mkono. "Watu wananiambia tafuta mwingine," alisema. Akachungulia tena shimoni. Nikamwachia na sigara mbili.

Mti ule uliokuwa unang'aa ulikuwa mbele zaidi, baada ya Chalinze. Havikuwa vioo. Vilikuwa vifuniko vya magurudumu, vya kila aina ya gari, vimetundikwa kwa waya kwenye mkorosho kuanzia matawi ya chini mpaka juu, vinagongana kwa upepo. Chini yake kulikuwa na nyumba ya udongo, na kwenye ukuta wa nje zimepigiliwa honi, zile za zamani za kubana kwa mpira, kubwa na ndogo. Mzee mmoja mwenye kofia ya askari iliyochakaa alikuwa ameketi kwenye kiti cha gari kilichong'olewa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Umepoteza kifuniko?"

Nikamwambia sikupoteza, nimekuja kutazama. Akasimama upesi kwa mtu wa umri wake. Alisema watu wengi hupita wakacheka, wakapiga honi, lakini hawashuki. Vitu vyote vile alikuwa ameviokota barabarani, vilivyodondoka kwenye magari mabovu na ajali, tangu alipotoka jeshini. Kisha akanionyesha kilichokuwa muhimu kwake. Zile honi alikuwa amezipanga kwa sauti, nene kushoto na nyembamba kulia, naye akazipiga kwa mikono miwili, akitembea kando ya ukuta huku na huku, akatoa wimbo wa gwaride. Lakini wimbo ulikuwa na mapengo. Alikuwa akiruka sauti, anakimbilia nyingine, anachelewa.

"Unaona?" alisema akihema. "Unataka watu wawili. Wewe simama huku. Nikiinua kidevu, unabana hii, kisha hii."

Nikasimama. Mara ya kwanza niliharibu. Mara ya pili akanigombeza kijeshi. Mara ya tatu wimbo ukatoka, wote, bila pengo, mbaya na wenye kelele, kuku wakakimbia, na mzee akapiga miguu chini, akapiga saluti kuelekea barabarani ambako hakukuwa na mtu. Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Halafu kicheko kikageuka, sijui saa ngapi, nikawa nalia. Nililia vibaya, kilio ambacho sikulia hata siku ya kumzika baba, na honi moja niliyokuwa nimeishika ikawa inalia nami kidogo kidogo.

Mzee alikwenda kuchota maji mtungini, akaniletea kwa kata, akangoja.

"Nyumbani anakungoja nani?" aliuliza baadaye.

"Hakuna mtu, mzee."

"Basi huna haraka. Tuupige tena."

Tukaupiga tena, na tena, mpaka jua likapita utosini na mikono ikauma.

Niliingia mjini jioni, vumbi kichwani. Magomeni watu walikuwa wanajenga, Jangwani mboga zilikuwa zimestawi bondeni, kisha Msimbazi, baiskeli, wauza kahawa na vyombo vyao vya shaba, wachukuzi wanasukuma mikokoteni wakipiga kelele watu wapishe. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Nikalipeleka gari kwa tajiri. Mkewe alikuwa barazani, akaniuliza kabla sijazima injini.

"Mama amefika salama?"

"Amefika, mama."

"Amefurahi?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hilo. Ilinibidi nifikiri. "Amefurahi sana," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. Alisema yeye alizaliwa Zanzibar, mamake alizaliwa Kachi, Bara Hindi, na yeye akipelekwa Kachi leo hajui hata mlango gani agonge. Kisha akaingia ndani, akaniletea puri na viazi kwenye sahani ya bati, nikala nimekaa kwenye ngazi.

Chumbani niliwasha taa. Mama alikuwa ameondoka akiacha kitanda kimetandikwa, na pazia amelifua, akalirudisha kwenye kamba lilivyokuwa. Nililala upande wangu wa mlango. Wiki zile za kwanza nilifanya kazi, nikala mkahawani, nikarudi, nikalala. Yule mama wa chumba cha mbele sikumwomba kunipikia. Watu njiani waliniuliza habari za mama, nikawajibu yuko kwao, hajambo, kisha nikashika njia yangu. Jumapili zilikuwa mbaya kuliko siku zote. Nilikuwa natembea mpaka Posta, natazama maduka yaliyofungwa, narudi.

Kodi ya chumba ilipanda. Bibi mwenye nyumba akaniambia bila kuzunguka, "Wewe mtu mmoja, kitanda cha pili cha nini? Nakuletea mwenzako." Akaniletea Mchaga, kijana wa rika langu, aliyekuwa anaanza biashara ya vitunguu sokoni. Alikuja na sanduku la mbao, picha ya Bikira Maria, na harufu ya vitunguu ambayo haikutoka hata alipooga. Alikuwa anaimba nyimbo za kanisani akipiga pasi. Sikumpenda. Alizungumza sana, na alisimulia mlima wao mpaka nikauchoka bila kuuona.

Jioni ile ya kwanza alifunua pazia, akalifunga pembeni kwa kamba ili hewa ipite, akakaa kitandani akanitazama.

"Mimi kwetu Kibosho," alisema. "Wewe kwenu wapi?"

"Hapa."

"Najua unakaa hapa. Nauliza kwenu."

"Hapa," nikasema. "Humu ndani."

Akatazama ukuta, dari, dirisha, kisha akanitazama tena. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alifungua sanduku lake, akatoa ndizi za kupika, akazigawa nusu kwa nusu, akaniuliza jiko liko wapi, maana alikuwa na njaa na hakupenda kula peke yake.